Ugali wa Kuku

Hadithi, wanangu! Semeni ije, nami niilete.

Hapo kale palikuwa na zimwi lililonyonya nuru ya macho ya watoto. Kadzo, binti wa pekee wa Nyamvula, akawa anapapasa ukuta kila magharibi. Nyamvula akalifuata zimwi porini, akalililia mpaka likamhurumia, likampa punje za njano.

"Zipande kando ya mahindi yako meupe, ukung'ute mbelewele zake, yale maua ya kileleni, juu ya ndevu za meupe. Mwanao akila ugali wa njano, ataona. Lakini ole wako ukiudharau."

Msimu wa kwanza yakatoka mahindi ya madoadoa. Wa pili, nusu kwa nusu. Wa tatu, njano tupu kama kiini cha yai. Nyamvula akasaga, akasonga ugali.

Mara hodi! Mawifi hao.

"Wifi, ugali wa njano? Huo si wa kuku?"

Nyamvula akaona haya. "Wa kuku, ndiyo," akasema, akaumwaga uani, akasonga mweupe.

Kesho yake wakaja, akaumwaga. Kesho kutwa wakaja, akaumwaga.

Asubuhi iliyofuata Kadzo akaketi kitandani.

"Mama, mbona leo hakukuchi?"

Nje jua lilikuwa linawaka. Nyamvula akatoka mbio, akapiga magoti uani, akaokota makombo ya njano miguuni mwa kuku, nao wakamtazama kwa macho maangavu. Akamlisha mwanawe, huku akilia.

"Bado, mama?"

Hakukucha.

Hadithi yangu nimeiacha uani. Mwenye macho aiokote.