Tuta la Wageni

Semeni "tupo!" nami nianze. Haya.

Mwanamkasi alirithi bustani ya mchicha kutoka kwa mamake. Marehemu, kila msimu, aliwaachia wadudu tuta moja la pembeni, akaliita tuta la wageni. Mwanamkasi akasema, "Mdudu ana ugeni gani?" Akalichuma na hilo.

Viwavi wakavamia matuta yote. Alfajiri, umande ungali majanini, akawanyunyizia majivu. Wakajikung'uta, wakaimba:

"Mama alitukaribisha,
tuta letu liko wapi?"

Siku ya pili akanyunyiza, wakaimba. Siku ya tatu majivu yakaisha jikoni, na wimbo ukamfuata hadi ndotoni, kwa sauti ya mama.

Alipoamka, akapanda upya tuta la pembeni. Lilipochipua akasema, "Karibuni, jamani. Nilikosa."

Viwavi wakahamia huko, mmoja nyuma ya mwingine, wakala, wakalala.

Asubuhi moja tuta zima likapaa: vipepeo! Mabawa yao yalikuwa na maua yaleyale ya kanga aliyobebewa mgongoni utotoni. Mmoja akatua begani mwake.

"Mama," akanong'ona Mwanamkasi, "kumbe ni wewe niliyekunyima mchicha?"