Mlingoti wa Binti Nyundo

Ilikuwa tarehe kumi na mbili Machi. Asubuhi ilikucha na joto zito. Wingu jeusi lilikuwa limejikunja upande wa mashariki kama paka anayevizia, na hapakuwa na upepo hata wa kutikisa nguo kambani. Waliozijua dalili za mvua walianua mapema. Kwa kuwa ilikuwa siku ya ibada na kengele ilikwisha kulia mara ya pili, mtaa mzima ulielekea kusali. Binti Nyundo peke yake ndiye aliyebaki kazini.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Maana yake ni kwamba mtu akipoteza chombo alichokitegemea kuliko vyote, hajaipoteza kazi yenyewe, maadamu mikono ipo na moyo haujakata tamaa. Watu huitumia methali hii kwa mambo mengi. Binti Nyundo alikuja kuijua ilivyo hasa, koleo likiwa koleo na uhunzi ukiwa uhunzi.

Alikuwa mhunzi, mtoto wa mhunzi, mjukuu wa mhunzi. Juu ya paa la karakana yao ulisimama mlingoti wa chuma. Babu yake aliuanzisha kwa pande moja, ili mpita njia ajue kwamba hapa chuma kinatii. Baba yake aliporithi nyundo, aliunganisha pande lake kwa moto juu ya lile la babu. Katika nyumba hiyo mrithi hakuitwa mhunzi mpaka kiungo chake kiwe juu angani. Mwaka ule Binti Nyundo alikuwa ameongeza cha kwake, na kileleni akamweka jogoo wa chuma mwenye mkia wa madaha. Jogoo huyo alionekana kutoka mwisho wa mtaa, na kila alipomtazama, Binti Nyundo alijiona amezaliwa upya.

Asubuhi hiyo alikuwa akimalizia bawaba za lango la zahanati. Lango lilikuwa limeng'oka, na wagonjwa walikuwa wakiinuliwa juu juu kulipita kama magunia. Alimwomba Mungu amsamehe kwa kukosa ibada, akagonga pigo la mwisho, akazitia bawaba begani na kutoka. Alikuwa amefika kwenye kona mbingu ilipopasuka. Ilikuwa kana kwamba anga ni ubao na mtu ameukanyaga kwa kisigino. Alipogeuka, jogoo hakuwapo, na paa lilikuwa linawaka.

Mvua ilikuja kuuzima moto wakati hapakuwa na cha kuokoa. Mvukuto wa kupulizia moto ulikuwa umeungua ngozi yote. Mipini ya nyundo ilikuwa majivu. Koleo la babu lilikuwa limekaa katikati ya moto, maji ya mvua yakalimwagikia ghafla, na chuma kile kilichovumilia vizazi vitatu kikapasuka pale pale kwenye kiungo chake.

Watu walitoka ibadani wakakimbilia moshi. Mbele yao alikuwa Baba Mdogo, ndugu wa marehemu baba yake Binti Nyundo, msimamizi wa nyumba ya ibada, mtu mwenye sauti isiyohitaji kengele.

"Nilisema mimi!" alipaza sauti. "Wenzake wanapiga magoti, yeye anapiga chuma. Haya, aliye juu naye amepiga chake. Mnataka ushahidi gani tena?"

"Shemeji," alisema mama yake Binti Nyundo, akiwa bado amemshika mwanawe mkono, "mtoto yu hai. Hilo hulioni?"

"Yu hai ili atubu."

"Na mvukuto wangu je?" aliuliza Pumzi, msaidizi wa karakana, aliyeitwa hivyo kwa sababu alikuwa mvuta mvukuto na maneno pia hayakumwishia. "Mimi nilikuwa ibadani, mstari wa mbele, nyuma yako hapo, Msimamizi. Mbona umeunguzwa nao?"

Wachache walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Hukumu ilikwisha kutolewa, na hukumu ina miguu kuliko kicheko. Tangu siku hiyo wenye majembe mabovu waliyapitisha mbele ya karakana kwenda kutafuta mhunzi mwingine. Jirani wa ukuta kwa ukuta alianza kuzunguka nyuma akienda kisimani, asije akakanyaga mahali palipolaaniwa.

Jambo baya zaidi ni kwamba Binti Nyundo mwenyewe aliamini. Alisali mpaka magoti yakafa ganzi. "Bwana, kama ni mimi, niambie," alisema, lakini hakusikia neno. Akakaa kati ya majivu, vipande viwili vya koleo mapajani, akamwambia mama yake, "Mama, mimi basi. Sitafua tena. Mwenyezi amesema."

"Amekuambia wewe," aliuliza mama, "au amemwambia baba yako mdogo?"

Binti Nyundo aliviweka chini vipande vya koleo. Aliinuka, akanawa uso, akachukua daftari lake kwenda kwenye darasa la jioni. Alikuwa ameacha shule mapema baba yake alipougua, na sasa, mtu mzima, alikuwa amerudi kuanzia alipoachia. Jioni hiyo alikaa nyuma kabisa. Mtu mmoja akamwuliza mwalimu kuhusu radi, na darasa zima likajifanya halimtazami Binti Nyundo.

Mwalimu alikuwa mwanamke mpole, mwenye chaki mpaka kwenye nyusi. Alichora nyumba, akachora nguzo juu yake. "Radi haisomi moyo wa mtu," alisema. "Radi inasoma kimo. Ikikuta chuma kirefu kilichosimama juu ya mbao, hushuka nacho mpaka kinapoishia, halafu hujitafutia njia yenyewe. Hapo ndipo inapochoma."

Binti Nyundo aliona mlingoti wao ukisimama juu ya boriti kavu. Babu kiungo, baba kiungo, yeye kiungo. Kwa fahari ya mikono yao walikuwa wameijengea radi ngazi, na ngazi yenyewe haikufika chini.

"Mwalimu," aliuliza, "chuma kikifika ardhini je?"

"Inapita zake, kama mgeni aliyefunguliwa mlango wa nyuma."

"Basi Mungu hayumo?"

Mwalimu aliweka chaki chini. "Hilo si la ubao wangu, dada. Nami nasali kama wewe. Lakini nikimwona mtu ameungua, simuulizi amekosa nini. Namtafutia maji."

Maneno hayo yalimwingia Binti Nyundo kama maji kwenye udongo mkavu. Alitoka darasani amenyoosha mgongo. Ndipo alipoinua macho, akaona kitu kilichomfanya asimame katikati ya njia. Juu ya nyumba ya ibada ulikuwapo mlingoti wa chuma wenye taa, mrefu kuliko ule wao, uliosimamishwa na Baba Mdogo ili nyumba ionekane kutoka mbali. Nao ulikuwa umesimama juu ya boriti. Na chini ya boriti ile, kila siku ya ibada, walikaa mama yake, majirani wote na watoto wao.

Siku ya ibada iliyofuata, sala ilipokwisha, alisimama. Aliomba ruhusa ya kuufungia mlingoti ule chuma cha kushuka ukutani mpaka ardhini.

Baba Mdogo alimtazama kana kwamba ameomba kuiuza nyumba. "Unataka kumwekea Mungu kizuizi asitufikie?"

"Hapana, Baba Mdogo. Paa hili mliliezeka kwa nini?"

"Kukinga mvua! Swali gani hilo?"

"Na mvua analeta nani?"

Safu ya akina mama ilitikisika. Mama yake akakohoa kikohozi kisicho na mafua.

"Hayo ni maneno ya darasa la jioni!" alisema Baba Mdogo, akikunja uso. "Utafunga kwa kifaa gani? Huna mvukuto, huna koleo. Utafua hewa? Haya, ukiweza, funga! Na siku radi ikipiga hapa, tukatoka wazima, mimi mwenyewe nitakuja kukuvutia mvukuto."

Hapo watu walicheka kweli, maana hakuna aliyeweza kumfikiria Msimamizi na kanzu yake nyeupe ndani ya masizi. Lakini ruhusa ni ruhusa, hata ikitolewa kwa kejeli.

Kesho yake Binti Nyundo alifagia majivu, akaitia nyundo mpini mpya. Pumzi alikuja na koti lake kuukuu la ngozi, akalipasua na kulishona kuwa mvukuto mpya. "Nilioa nalo hili," alisema. "Mke wangu akiuliza, mwambie sasa linafanya kazi kuliko mwenyewe. Lakini bosi, chuma utakishika na nini? Kwa meno?"

"Pumzi, babu alipofua koleo lake la kwanza, alishika kwa koleo gani?"

"Basi mimi navuta," alisema Pumzi, akaukimbilia mvukuto.

Binti Nyundo alichagua upau mrefu wa chuma. Upande wa baridi aliushika kwa mkono na kitambaa kilicholowa. Upande wa pili aliutia motoni. Ulipoiva rangi ya chungwa aliuweka juu ya fuawe, pande la chuma la kufulia ambalo moto haukuwa umeliweza, akaupiga mpaka ukawa taya, akauvuta ukawa mkono, akautoboa tundu. Hapo tu ndipo alipoukata kutoka kwenye upau. Akafanya na wa pili, akaiunganisha yote miwili kwa msumari wa moto. Koleo likafunguka, likafumba. Alilifungua na kulifumba tena na tena kama mtoto aliyepata ndege wa kuchezea, machozi yakimtiririka huku akicheka.

"Eee, Bwana," alinong'ona, "kumbe ulininyamazia ili nisikie nyundo." Kisha akaona amekwenda mbali. "Au sijui. Mimi nashukuru tu."

Kwa koleo hilo aliuchomoa mlingoti wa ukoo kutoka kwenye kifusi. Ulikuwa umepinda kama mgongo wa mzee, lakini viungo vyake vitatu havikuwa vimeachana. Aliunyoosha, akauongezea urefu kwa kila chuma alichokiokota, akaupandisha kwenye nyumba ya ibada. Akaufunga kwenye mlingoti wa taa, akaushusha ukutani bila kukatika, akauzamisha ndani ya shimo refu lenye udongo wa majimaji karibu na kisima. Jogoo, aliyemkuta kwenye kifusi hicho hicho, alimpigilia kwenye mlango wa karakana, chini, mahali ambapo watoto wangeweza kumshika mkia.

Watu walipita, wakatazama, wakatikisa vichwa.

Mvua kubwa ilirudi siku ya ibada, nyumba imejaa pomoni. Giza liliingia mchana kweupe. Ngurumo ya kwanza ilikuwa mbali, ya pili karibu. Binti Nyundo alikuwa amepiga magoti kando ya mama yake, macho yake kwenye boriti. Alijua alichofunga. Alijua pia kwamba kama kiungo kimoja kingelegea, wote waliokuwa ndani wangekilipia.

Mwanga ukajaa kila pembe, mweupe, na papo hapo ukaja mpasuko uliowalaza watu kifudifudi. Vioo vya taa vilinyesha juu ya paa. Watoto walipiga kelele. Kisha kelele zikapungua moja moja, kila mtu akijipapasa na kumpapasa mwenzake. Paa lilikuwapo. Boriti ilikuwapo. Hapakuwa na moshi. Walipotoka nje, mvua ikiwa imelegea, waliona mvuke ukipanda taratibu kutoka kwenye shimo la kisimani, kama chungu kilichoepuliwa.

Pumzi ndiye aliyepata sauti kwanza. "Msimamizi, leo imepiga nyumba ya mwenyewe, na sisi sote tumo magotini. Tuseme nani alikosa ibada?"

Hakuna aliyecheka. Baba Mdogo aliuendea ukuta, akautazama mlingoti wa kaka yake na wa baba yake ukishuka mpaka ardhini, mzima. Aligeuka ameinamisha kichwa, kanzu ikimchuruzika maji. Binti Nyundo angeweza kusema neno wakati huo, na lingekuwa haki yake. Alimshika mkono tu, akasema, "Baba Mdogo, umelowa. Twende kwenye moto."

Msafara mzima uliwafuata mpaka karakana isiyo na paa. Mwenye jembe bovu alikwisha kukimbilia nyumbani kulichukua. Jirani wa ukuta kwa ukuta alipita mlango wa mbele, akamgusa jogoo mkia. Nesi wa zahanati alipiga vigelegele, na mtaa mzima ukaitikia.

Baba Mdogo alikunja mikono ya kanzu. Alishika mpini wa mvukuto akauvuta kwa nguvu zake zote; masizi yakamrukia usoni.

"Taratibu, Msimamizi!" alisema Pumzi. "Huo mvukuto, si ng'ombe wa kuburuta!"

Hapo kicheko kikapasuka, na Baba Mdogo, meno meupe kwenye uso mweusi, akacheka kuliko wote. Kisha akainua mkono, watu wakanyamaza. Akalichukua lile koleo jipya, akaliinua juu mbele ya macho ya wote.

"Ninyi nyote ni mashahidi wangu," alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini. "Nilisoma hukumu ambayo sikutumwa kuisoma, tena juu ya mtoto wa kaka yangu. Leo naahidi. Nyumba ya mtu ikiungua, ikizama au ikibomoka, sitamuuliza amekosa nini. Nitakuja na ndoo ya maji. Na paa la karakana hii tutaliezeka kwa mikono yetu, wangu ukiwa wa kwanza, kabla mvua nyingine haijanyesha. Nilipoona koleo limepasuka, nilidhani Mungu ameifunga kazi ya nyumba hii. Nilikosea, na ninasema mbele yenu ili watoto wenu wanikumbushe nikisahau: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."