Harufu Aliyoingia Nayo Zizini

Nisikilizeni vizuri, ndugu zangu. Na wewe uliyeegemea nguzo usisinzie, maana mfano huu si wa kusinzilia.

Kulikuwa na mfugaji mmoja katika nchi kavu ya migunga, na mali yake yote ilikuwa kondoo. Akipiga mluzi, walimjia mbio wakamlamba viganja. Kulikuwa na kondoo jike mwenye doa jeusi shingoni ambaye hakutoka zizini asubuhi mpaka amnuse kwanza bwana wake. Basi likaja kundi la mbwa mwitu, na kila jioni kondoo walirudi wamepungua.

Mfugaji akashika mkuki. Alijibanza vichakani, alijibanza nyuma ya kichuguu, wapi! Mbwa mwitu mmoja aliinua pua, akavuta hewa, na kundi zima likatoweka. Mnadhani walimwona? Hawakumwona hata kidogo! Mbwa mwitu kwa pua yake anajua nani yupo, yuko upande gani, kama ni mgonjwa na kama anaogopa. Akikuta mkojo wa mwenzake kwenye kisiki, kwake hiyo ni taarifa ya habari. Sasa wewe na jasho lako utajificha wapi?

Siku moja akamkuta mbwa mwitu amekufa mtegoni. Akamchuna, akajipaka mafuta yake mwili mzima, akajifunika ngozi, akalala kwenye nyasi. Kundi likaja. Likamnusa mpaka masikioni, likampita kama ndugu yao. Yule wa mwisho alipompita, mfugaji akamchoma mkuki.

Mkewe alifurahi, ila akamwekea sharti.

"Baba Sechelela, ngozi hiyo isifike hapa. Itundike kulekule korongoni, ujisugue mchanga na majivu, uoge, ndipo uje."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya wafugaji wa kule. Aliyemgusa mnyama mkali haingii zizini kabla ya kujisugua majivu. Mwanzoni bwana yule alitii. Lakini maji ya korongoni ni ya kufukua, yanachosha, na pale kilabuni vijana wakimwona na ile ngozi walisimama kumpisha. Nani hapendi kupishwa? Akaanza kuja nayo mpaka uani.

Binti yake mdogo, yule Sechelela, alikuwa na kawaida ya kumrukia shingoni. Siku ya kwanza baba alipofika na ngozi, alijificha nyuma ya mama yake akilia.

"Mtoto ana nini?" baba akauliza.

"Harufu, Baba Sechelela. Unanuka mbwa mwitu."

Jamaa akajinusa mikono, akajinusa kwapa. "Mbona mimi sisikii harufu yoyote? Mnanionea tu. Hivi hawa wanyama ninawaua kwa ajili ya nani?"

Mkewe akambeba mtoto akaingia naye ndani. Mume wake alikuwa anasema kweli tupu. Pua yake ilishazoea.

Ikafika asubuhi aliyomuua mbwa mwitu wa mwisho. Alirudi na ngozi mabegani, anakaribia kucheza kwa furaha. Hakwenda korongoni, hakupita hata kwa mkewe. Alikwenda moja kwa moja zizini, akafungua lango, akaingia, akalifunga nyuma yake, akapiga mluzi uleule.

Kondoo wakainua vichwa. Mluzi walioufahamu! Wakaanza kumjia. Halafu upepo ukavuma kutoka mgongoni kwake.

Ndugu zangu, Mungu atuepushe! Waligeuka wote kwa pamoja, wakakimbilia ukuta wa miiba, wakapandana, wakarundikana, wa chini wakikanyagwa na wa juu. Mfugaji akapigwa na butwaa. Akawakimbilia awaachanishe, huku akilia, "Ni mimi! Jamani, ni mimi!" Na kila alivyosogea ndivyo walivyozidi kubanana. Walikufa kwa kukosa hewa, mbele ya macho yake. Chini kabisa alikuwa yule mwenye doa jeusi.

Mkewe akaja mbio na panga. "Mbwa mwitu ameingilia wapi?"

Mfugaji akatazama ua. Hakukuwa na tundu. Akatazama vumbi. Hakukuwa na nyayo ila za kondoo na za viatu vyake vya katambuga.

"Hakuna mbwa mwitu," akasema kwa sauti ya chini. "Wote nimewaua."

Mama Sechelela akaitazama ile ngozi mabegani mwake, panga likamponyoka. Ndipo yule bwana akainua mkono wake akaunusa. Na hata saa ile, na mizoga ya kondoo miguuni pake, hakusikia harufu yoyote.

Je, sisi? Msimcheke. Sisi nasi tulitoka na mkuki kwa nia njema. Mama alitaka kukomesha umbea wa jirani, akaanza kwenda kusikiliza umbea ili aujue. Baba alitaka kuufukuza ulevi nyumbani kwake, akauchapa kwa matusi mpaka matusi yakawa ndiyo lugha yake. Mzee wa kanisa alipigana na wenye hila kwa hila, akawashinda, na tulimpigia makofi hapahapa. Ngozi tuliivaa ili tushinde, na baada ya ushindi hatukuivua. Wimbo ni uleule, amina ni ileile, mluzi haujabadilika. Wa nyumbani wakituambia tunanuka, tunajinusa wenyewe na kusema wanatuonea!

Usijinuse, ndugu yangu. Pua yako imezoea. Leo ukifika nyumbani, usiseme neno lolote. Simama mlangoni tu, uangalie watoto wako wanakimbilia upande gani.