Kidari cha Aliyefungua Bolti

Hapo zamani, ila si zamani ya wafalme na majitu, ni zamani ya magari yaliyowaka kwa kusukumwa, palikuwa na mama mmoja huko mlimani, kwenye migomba. Aliitwa Mama Aikande. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, mbuzi mmoja mnono na pikapu moja kuukuu. Siku hiyo alivihitaji vyote vitatu, maana mtoto alikuwa anaoa, mbuzi ndiye wa arusi, na pikapu ndiyo ya kumfikisha mbuzi ukweni.

Ukweni kwenyewe kulikuwa na sharti. Mbuzi aingie kabla jua halijafika utosini. Likifika utosini, lango linafungwa na arusi inangoja mavuno ya kahawa ya mwaka unaofuata. Hawakuwa na utani watu wale.

Basi asubuhi hiyo pikapu ikakata mkanda wa feni, bahati njema mbele ya gereji ya Mzee Ndetaramo. Mkanda mpya ulikuwepo. Lakini ili uingie, lazima puli, lile gurudumu la kuzungusha mkanda, itoke, na puli ilishikwa na bolti moja tu, katikati.

Mzee Ndetaramo, fundi wa miaka arobaini, akashika spana. Akaizungusha bolti upande uleule ambao bolti zote alizowahi kukutana nazo hufungukia. Ikagoma. Akachomeka bomba kwenye mpini wa spana, akaning'inia mzima mzima. Krrr! Spana ikateleza, pembe zote sita zikalika, kichwa cha bolti kikabaki duara kama cha mtoto aliyenyolewa jana. Wanasema penye wazee haliharibiki neno. Neno halikuharibika, iliharibika bolti.

Mama Aikande akatazama jua, akatazama mbuzi.

"Jamani!" akapaza sauti. "Atakayeifanya bolti hii itoke, kidari cha mbuzi ni chake!"

Watu wakaguna. Katika ukoo ule kidari hakikatwi vipande. Hupewa mtu mmoja, kikiwa kizima, mbele ya pande zote mbili, na jina lake hutajwa hata kwenye arusi za wajukuu. Mama Aikande mwenyewe alishtushwa na alichosema, lakini neno likitoka halirudi.

Mzee Ndetaramo akasema, "Mama, kutu haitaki ubabe, inataka subira." Akaimiminia bolti mafuta ya taa, akaigonga kwa nyundo, taratibu, ko, ko, ko. Akamimina tena, akagonga tena, hadi mafuta yakapenya ndani kabisa. Akajaribu kuizungusha. Bolti kimya.

Akavuka barabara Aminieli mchomea vyuma, na miwani yake myeusi. "Shikamoo mzee. Tatizo haina pa kushikwa." Akachukua nati, akaipachika juu ya kile kichwa kilicholika, akaichomelea. Cheche zikaruka, mbuzi akapiga kelele. "Haya, nimeipa kichwa kipya!" Akavalisha spana, akazungusha. Bolti kimya.

"Leteni bomba refu!" Aminieli akafoka. "Leo itoke au ikatike!"

Ikikatika, kwisha habari. Mama Aikande alilijua hilo, machozi yakaanza kumlenga.

Hapo akapita Siael muuza maziwa, na baiskeli yake na madumu yake. Akasimama, akatazama, akacheka.

"Kaka, samahani. Hapo mnafungua au mnakaza?"

"Dada, uza maziwa yako!"

"Nauza. Lakini pedali ya kushoto ya baiskeli hii ilinitesa hivyohivyo. Wiki nzima nafungua, kumbe nakaza. Uzi wake, yale mapindo ya kwenye bolti, umekatwa kinyume. Hebu geuza upande."

Aminieli akambetulia mdomo. Lakini Mama Aikande akasema, "Geuza, mwanangu. Mgeni njoo mwenyeji apone."

Akageuza. Bolti ikalia kidogo, ikalegea, ikatoka yote, inateleza kwa mafuta. Vigelegele! Mkanda ukaingia, pikapu ikasukumwa, ikawaka. Fundi, mchomeaji na muuza maziwa wakarukia nyuma pamoja na mbuzi. Walipoingia langoni ukweni, jua lilikuwa limebakiza kidogo tu.

Mbuzi akachinjwa, akabanikwa, akanukia. Mama Aikande akasimama na sinia, kidari juu yake, akauliza nani ajongee.

"Mimi," akasema Mzee Ndetaramo. "Bila mafuta yangu kutu isingeachia, mgeuze kushoto, mgeuze kulia."

"Na nani aliyekiharibu kichwa cha hiyo bolti?" akadakia Aminieli. "Mzee wangu, ulizima moto uliouwasha mwenyewe. Mimi ndiye niliyeipa kichwa, na mkono ulioitoa ni huu."

"Mkono uliotaka kuikata!" akasema Siael. "Mngeimwagia mafuta na kuichomelea mpaka jioni, mngekuwa mnakaza tu. Mimi ndiye niliyewaonyesha njia."

"Wewe hata hukuigusa," wakamjibu wale wawili kwa pamoja. Ndiyo mara pekee walipopatana siku ile.

Mzee wa upande wa bibi arusi akapendekeza kigawanywe, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Ukoo mzima ukamkodolea macho, akarudi kukaa.

Mama Aikande akawatazama. Mzee aliyeharibu, kisha akalainisha. Kijana aliyeishika vizuri, akaizungusha vibaya. Dada wa maziwa aliyejua, ambaye hakuchafua hata kidole. Aliwapenda wote watatu, na hiyo ndiyo shida. Mwanawe amekwisha oa, ngoma zimenyamaza zikimngoja yeye, mafuta ya kidari yanaanza kuganda kwenye sinia.

Haya ninyi mnaocheka, njooni mshike hilo sinia. Mngemkabidhi nani?