Kwa Nini Uwanda wa Juu Huchanua Wakati wa Matope

Sogeeni motoni. Viatu viacheni hapo pembeni ya jiko, vitakauka vyenyewe. Najua mmoja wenu alinuna jana jioni, wala simtaji. Basi lenu lilinasa kule bondeni, akapanda kilima kwa miguu, akafika na matope magotini. Mimi mwenye nyumba ya wageni nikampokea mlangoni, na badala ya kumpa pole nikamuuliza, "Umeona?" Akanitazama kana kwamba nimerukwa na akili. Sikurukwa, mwanangu. Hiyo ndiyo salamu yetu kwa mgeni wa masika, na ina asili yake.

Wengine hunipigia simu kutoka mijini. "Bibi Sekela, tuje mwezi gani? Mwezi gani nchi yenu ni nzuri?" Nami huwajibu neno moja tu, "Njooni," kisha nasikia wananong'onezana kuwa bibi huyu hajui biashara. Basi kunyweni chai, na kwa kuwa ukungu huo nje bado ni mzito na hamwendi popote, niwaeleze neno hilo limetoka wapi.

Zamani hizo mwaka ulikuwa haujakatwa vipande. Hapakuwa na masika wala kiangazi. Kila siku ilifanana na jana yake, na mvua ilikuwa na miguu. Tulimwita Bibi. Jua lilipovuka utosi, Bibi Mvua alishuka kutoka mlimani, mrefu, mweupe, akaupita uwanda wote huu polepole, upindo wa nguo yake ukiburuzika majanini. Upindo ulipogusa, ua liliota. Leo moja jekundu hapa, kesho moja la manjano kule. Usiku ulipoingia aliutandika ukungu juu ya nyumba zetu, tukalala na joto.

Kwa kuwa maua hayakukosekana hata siku moja, hakuna aliyeyatazama. Ndivyo binadamu tulivyo, kilicho mlangoni kila siku tunakiruka tu. Na miguu ya watu ilikuwa na matope tangu utotoni hadi uzeeni, wala hakuna aliyeona aibu, maana hakuna aliyewahi kuona miguu ya namna nyingine.

Wakati huo alikuwapo mchungaji mmoja wa ng'ombe, kijana, jina lake Ngailo. Huyu Ngailo alishuka hadi chini ziwani, kwenye joto na migomba, akamwoa binti aitwaye Tusekile. Baba yake Tusekile alikuwa Mwaipaja, mtu mzito, mwenye mitumbwi yake na sauti yake. Alimtoa binti kwa sharti ambalo wazee wa ziwani walilishika sana. Alisema, "Mke nimekupa, lakini sijaona anapolala. Nitakuja kuiona nchi yenu. Ikinitosha macho, nitamwacha kwako. Isiponitosha, nitarudi naye, na usiniite mbaya."

Ngailo alikubali bila kufikiri, kama wafanyavyo waliopenda. Na alimpenda kweli. Kila jioni alitoka kumpokea mkewe mzigo wa kuni njiani, wenzake wakamcheka wakiuliza kama ameoa au ameolewa. Hakujali. Jambo moja tu lilimkosesha usingizi, siku ambayo mzee Mwaipaja angepanda mlima.

Siku moja akaja mjumbe kutoka ziwani. Mzee aliuliza hivi: "Magoti yangu hayapatani na vilima, sitaki kuja mara mbili. Niambie, mkwe, wakati gani ni mzuri zaidi kuja kwenu?"

Swali hilo lilikuwa halijawahi kuulizwa huku juu. Ngailo alitoka nje kulitafutia jibu, na kwa mara ya kwanza aliitazama nchi yake kwa macho ya mtu anayekuja. Akaona matope. Akaona njia inayoteleza, ukungu unaoficha milima, ng'ombe waliolowa, nyasi zilizolowa, watu waliolowa. Aliingiwa na aibu. Aliitazama hata miguu yake mwenyewe, akaificha majanini.

"Nitaisafisha nchi kwanza," alimwambia mkewe.

"Utaisafisha nini?" Tusekile akauliza. "Baba ameomba kuona ninapoishi. Mwache aone ninapoishi."

Lakini mwenye hofu hasikii. Ngailo alikwenda hadi kwenye bwawa la matete ambako Bibi Mvua alipumzika, akapiga magoti. Alisema, "Shikamoo, Bibi. Nina mgeni, mkwe wangu. Nakuomba ukae pembeni kidogo ili njia zikauke."

Bibi Mvua hakuwa amewahi kuambiwa akae pembeni. Alimtazama juu hadi chini. Kisha akauliza, "Nikae pembeni hadi lini?"

"Hadi mgeni aje na aondoke."

"Neno lako nimelishika," alisema Bibi. "Lakini watoto wangu hawakai na kiu. Nikiondoka, nao watajificha." Akakusanya upindo wa nguo yake, akavuka milima, na maua yote aliyoyaotesha yakazama ardhini, kila moja kwenye mzizi wake. Hakuna aliyeyaona yakizama, maana hakuna aliyekuwa akiyatazama.

Mwanzoni watu walifurahi. Njia zilikauka, ulezi ukaanikwa, vijana wakacheza ngoma bila kuteleza. Ngailo alichukua fagio akaifagia njia kutoka mlangoni kwake hadi ukingoni mwa uwanda, pale mteremko wa kwenda ziwani unapoanzia. Akatuma jibu kwamba wakati mzuri ndio huu.

Sasa mnajua mambo ya wakubwa. Mzee alisema anakuja, kisha samaki wakawa wengi akabaki kuwakausha. Akasema tena anakuja, ukatokea msiba. Huku juu nyasi zikageuka rangi ya majivu. Chemchemi zikapungua hadi wanawake wakawa wanakinga maji kwa jani. Na usiku, bila ukungu, baridi ilishuka moja kwa moja kutoka mbinguni, ikaacha juu ya nyasi umande ulioganda, mweupe kama chumvi, ambao babu zetu hawakuujua. Ndama walitetemeka. Majirani wakaanza kumsema Ngailo hadharani. "Huyo mkwe wako," waliuliza, "anakuja na ziwa mgongoni?" Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini safari ile wenyeji nusura wafe.

Hatimaye Mwaipaja akafika pamoja na watu wake. Alitembea juu ya njia iliyofagiliwa, miguu mikavu, akaingia nyumbani bila doa hata moja. Aliomba maji, Tusekile akamletea nusu kibuyu. Mzee akakitazama kile kibuyu, akamtazama binti yake ambaye midomo ilikuwa imepasuka kwa baridi, akanywa kidogo, akamrudishia yaliyobaki.

Asubuhi alimwita Ngailo. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mwanangu," alisema, "njia yako ni safi kuliko zote nilizopita. Lakini nimetazama kushoto na kulia, sijaona kitu. Siwezi kumwacha mtoto wangu mahali ambapo hata maji hupimwa."

"Baba, sivyo nchi yetu ilivyo," Ngailo alisema.

"Basi ikoje? Nieleze."

Ngailo alifungua mdomo. Alitaka kueleza yale maua, lakini hakuweza kusema yalikuwa na petali ngapi, wala lipi huota wapi, wala yananukia nini. Maisha yake yote aliyapita akiwafuata ng'ombe. Akasimama pale mdomo wazi, na mzee akalichukua hilo kuwa jibu.

Tusekile alifunga mzigo wake bila kulia, kwa kuwa neno la baba lilikuwa neno. Jambo moja tu alifanya. Hakuuzima moto, aliufunika kwa majivu. Ngailo aliliona hilo, na nadhani ndilo lililompa miguu. Mara tu mkewe alipotokomea njiani, alianza kukimbia kuelekea milimani.

Hakufika mbali. Alimkuta Bibi Mvua yu njiani anakuja, na kwa mbali sauti ya hatua zake ilikuwa inatikisa mawe. Ngailo alianguka chini kifudifudi. "Bibi, rudi," alisema, "nakuomba urudi, nimempoteza mke wangu."

"Narudi tayari," alisema Bibi. "Ulisema hadi mgeni aje na aondoke. Ameondoka, sivyo? Lakini hajafika mbali. Mimi natembea haraka kuliko mzee wa magoti."

Akaupita uwanda mzima kwa hatua moja. Mwaipaja na watu wake walikuwa ndio kwanza wafike ukingoni mwa mteremko. Njia ya kushuka ilimomonyoka mbele yao, maji yakawa yanakwenda na mawe. Walikimbilia chini ya mwamba na kukaa humo, siku baada ya siku, ukungu ukiwa mzito kiasi kwamba mtu hakuuona mkono wake. Mzee alinung'unika mpaka manung'uniko yakamwishia. Tusekile alikaa akisikiliza ile mvua, na wenzake walishangaa kumwona anatabasamu.

Kisha ikaja asubuhi moja ambayo ukungu ulifunguka.

Nisikilizeni vizuri hapa. Maua yale yaliyokuwa yakitoka moja leo na moja kesho, yote yalikuwa chini pamoja, yakingoja pamoja. Mvua ilipoyaita, yaliitika kwa siku moja. Yalianzia miguuni pa mwamba, yakaenda hadi macho ya mtu yaliposhindwa. Meupe, ya manjano, ya zambarau, mengine mekundu yaliyosimama wima kama mienge, mengine madogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga lakini yenye mistari ndani yake, ukiinama. Nyuki walikuwa wengi hadi ardhi ikawa inavuma. Mmoja wa watu wa ziwani alilia tu, hajui kwa nini. Mimi nimezaliwa hapa na mvi zimenijaa, na kila mwaka asubuhi ile inapokuja bado moyo wangu husimama kwanza.

Mzee Mwaipaja alitoka chini ya mwamba, akainua mguu ili apige hatua, akakosa pa kuuweka. Kila mahali palikuwa na ua. Basi akabaki vilevile, mguu mmoja juu, kama kuku wakati wa mvua, mtu mzito wa mitumbwi, machozi yakimtiririka ndevuni.

"Tusekile," alisema kwa sauti ndogo. "Hivi vyote vilikuwa wapi nilipokuja?"

"Chini ya miguu yako, baba."

Mzee alitafuta pa kukanyaga, na akaona kwamba palikuwa na mahali pamoja tu pasipo na ua katika nchi nzima, nayo ni njia ya matope. Akauweka mguu wake humo. Ukazama hadi gotini. Njia ile haikushuka ziwani, maana upande huo ilikuwa imekatika. Ilirudi ilikotoka. Akaifuata taratibu, akisimama kila hatua kutazama, binti yake nyuma yake.

Ngailo alikuwa nyumbani amekaa karibu na yale majivu, akiyalinda yasipoe. Aliposikia mtu anapiga hodi alifungua, akamwona mkwe wake ana matope mpaka kiunoni. Safari hii hakulitafuta fagio. Aliuliza neno moja tu, "Umeona?"

"Nimeona," alisema mzee.

Ngailo aliyafukua majivu, moto ukaamka. Alileta maji ya moto, akapiga magoti, akamwosha mkwe wake miguu kwa mikono yake mwenyewe. "Nilitaka uione nchi katika wakati wake mzuri, baba," alisema. "Nisamehe."

"Kosa si lako peke yako," Mwaipaja alijibu. "Mgeni anayeuliza aje lini ameomba adanganywe. Tusekile, tua mzigo wako. Hapa ndipo unapoishi."

Jioni ile Bibi Mvua alisimama mlangoni, na watu wote wakatoka kumwomba akae daima, kama zamani. Alitikisa kichwa. "Mlinifundisha kuondoka," alisema, "na huko ng'ambo ya milima nimekuta nchi nyingine zenye kiu. Sasa nitakwenda na kurudi. Lakini watoto wangu hawatatoka bila mimi. Anayetaka kuwaona akutane nami njiani."

Na tangu siku hiyo mwaka wetu una vipande. Kiangazi njia ni kavu, magari yanapita, wageni wanakuja wengi wakiwa na viatu visafi, wanapiga picha nyasi kavu na kuzisifu, nasi tunawakaribisha kwa moyo mmoja. Hatuwaambii walikosea, maana wanachokikanyaga kipo, kimelala tu. Masika njia inaharibika, basi linanasa, na nchi inachanua. Tangu siku hiyo pia mgeni wa matope hajioshi miguu mwenyewe, hupewa nafasi ya karibu na moto, na huulizwa ameona nini kabla ya kuulizwa ametoka wapi. Na mtu akituuliza aje lini, hatuchagui kwa niaba yake. Tunamwambia, njoo.

Wewe uliyenuna jana, leta miguu hapa. Maji yamechemka, na zamu ya kuosha ni yangu. Wengine angalieni dirishani. Ukungu unafunguka.