Klachi, Betri na Jina la Mtoto

Hapo zamani, magari ya dizeli yakiwa yamekwisha kufika milima ya Rungwe, palikuwa na ukoo wenye desturi moja: mtoto hupewa jina la yule aliyemfikisha mama yake kwa wakunga.

Bupe alikuwa na mimba pevu, na jina alikuwa nalo moyoni: Atuganile, la mama yake mzazi aliyezikwa mwaka ule. Mumewe alikuwa safarini. Waliobaki nyumbani, pamoja na mama mkwe, ni shemeji yake Lusajo, mwenye pikapu ya gia za mkono, na wifi yake Tusekile, mwenye pikapu ya otomatiki.

Lusajo hakuchoka kumtania dada yake. "Hilo si gari, dada. Ni sofa lenye matairi."

"Na wewe si dereva, kaka, ni mpiga kinanda. Mguu huku, mkono kule, na gari bado lipo hapohapo!"

Uchungu ukamshika Bupe asubuhi ya mvua. Tusekile akawasha: kimya. Betri imekufa, na otomatiki hata ukiisukuma haiwaki. Lusajo akawasha: kimya pia! Lakini yeye huegesha mteremkoni, maana betri yake ni mgonjwa wa siku nyingi. Akaliacha gari liserereke, akatia gia, akaachia klachi. Likakohoa, likanguruma. Akaunga waya betri kwa betri, na la dada likawaka.

"Shemeji, panda kwangu. Utelezi unataka gia za mkono."

Bupe akapanda. Tusekile akafuata nyuma, mama mkwe kando yake.

Katikati ya mlima, lori la viazi likaziba njia. Mwenye akili angevuta handibreki. Lusajo, kwa kuwa dada yake anamtazama, akalining'iniza gari kwa klachi: mbele kidogo, nyuma kidogo. "Handibreki ni ya wanaojifunza!" Harufu ikaja. Moshi ukaja. Klachi ikaungua, gari likagoma.

Sasa niambieni, akili za dereva zinakaa mguu wa kushoto? Haya, tuendelee.

"Wifi yangu, shuka, njoo kwenye sofa," Tusekile akaita.

Lori likasogea, sofa likapanda mlima polepole bila makeke, na mlangoni pa hospitali mtoto wa kike akalia.

Mama mkwe, mlinzi wa desturi, akampakata. "Haya, aitwe nani?"

"Lusajo!" akasema Lusajo. "Jina langu wanaitwa wa kike na wa kiume. Bila mimi, sofa lingekuwa banda la kuku hadi leo."

"Tusekile!" akasema Tusekile. "Bila mimi, mtoto angezaliwa kwenye moshi wa klachi."

Bupe akajiinua kwa kiwiko. "Bila mimi, mngekuwa mmebeba hewa! Aliyemfikisha ni mimi, miezi tisa, milima na mabonde, bila gia hata moja. Mama, zamu yangu ya jina nampa marehemu mama yangu: aitwe Atuganile."

Mama mkwe akambembeleza mtoto. Akamtazama mwanawe, akamtazama bintiye, akamtazama mkwewe.

Nanyi mnaosikiliza, asiniambie mtu "inategemea." Sare hapa hakuna, na mtoto analia hana jina. Je, aitwe nani?