Pimbi Aliulilia Mdomo wa Kiboko

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanaezeka nyumba na kugombana na majirani, Kiboko na Pimbi walikuwa watani. Mtani mnamjua nyie? Akikusema vibaya hukasiriki, ukikasirika umevunja mila.

Kiboko alikuwa na moyo mzuri, ila ugoro! Akiamka anabwia, akishiba anabwia, akitema, pwaa! kuku wa jirani mbio. Mara kidonda kikamtoka ndani ya mdomo wa chini. Kikakaa wiki na wiki, hakiponi. Hata majani laini yakamshinda kutafuna. Kiboko akakonda! Kiboko, jamani!

"Mume wangu, twende kwa mganga Korongo," mkewe alimbembeleza.

"Ugoro wenyewe ndio dawa, unatia ganzi."

"Basi fungua mdomo, hata mimi nione."

"Sifungui!"

Jirani yao Ndovu alipojaribu kumfungua mdomo kwa nguvu, alisukumwa akakaa kitako, puu! Mama Kiboko akamkimbilia Pimbi.

"Shemeji, mwenzio anakwisha."

Pimbi alimpenda sana jitu lile. Siku hiyo hakutania. "Niachie mimi," alisema.

Asubuhi kilio kikasikika uwanjani kwa Kiboko. "Uwiii! Uwiii! Umetutoka!" Pimbi amejifunga khanga ya mkewe, kajipaka majivu, anagaragara chini. Nyuma yake amesimama Korongo.

"We Pimbi! Nani kafa?" Kiboko aliuliza.

"Mdomo wako, mtani! Mdomo uliomaliza mashamba ya watu, leo umeshindwa na uji! Uwiii!" Hapo hapo akanyakua kikopo cha ugoro. "Na hiki ni changu! Msibani mtani akichukua kitu hadaiwi!"

Akakitupa chooni, chubwi! Kiboko alinyoosha mkono, akakumbuka mila, akaushusha. Uso ulimkunjamana kwa uchungu.

"Marehemu alinuka," Pimbi aliendelea kulia, "lakini tulimzoea! Tutamzika wapi? Bwawa lote halimtoshi!"

Kiboko alijikaza. Mashavu yakavimba. Akashindwa.

"Kwa! Kwa! Kwa!" Mdomo wazi kama mlango wa ghala.

Korongo, chwap! akaingiza kichwa. Alipokitoa, hakuwa anacheka.

"Kiboko, kidonda kiko palepale unapobana ugoro, na kimezungukwa na utando mweupe. Tumbaku ni sumu hata isipotoa moshi. Saratani ya mdomo huanza hivi. Nikikikata leo, huenda tumewahi. Ila ugoro usiuguse tena."

Kiboko akamtazama Pimbi, akaona machozi yanachora mistari kwenye majivu.

"Kumbe unalia kweli, mtani?"

"Nikulilie nini, mnuka mdomo wewe?" Pimbi alijibu, akijipangusa machozi kwa khanga. "Ukifa, nitamtania nani?"

Kiboko akajilaza chini, akapanua mdomo mwenyewe. "Haya, mganga. Kata."

Pimbi akamshika sikio, hakuliachia mpaka kazi ikaisha.

Nanyi wanangu shikeni hili: ugoro hautoi moshi, lakini unaunguza.